Wewe Una Baiskeli

Gloriose alijifunza kuendesha baiskeli akiwa na miaka arobaini na sita, kwenye uwanja wa nyasi karibu na maduka ya Merrylands, mjini Sydney, mbele ya watoto waliomcheka mpaka wakachoka wenyewe. Aliyemshikia tandiko alikuwa Nsimire, rafiki yake wa Bukavu, mwanamke mnene anayefagia ofisi za watu kule Blacktown na ambaye hajui kusema kwa sauti ya chini. "Angalia mbele, mama! Usiangalie tairi! Tairi haina pa kwenda bila weye!" Jumamosi ya kwanza Gloriose alianguka mara sita. Jumamosi ya tatu alikwenda kutoka mti huu hadi mti ule bila kushikwa, na Nsimire akapiga vigelegele mpaka mbwa wa watu wakaanza kubweka.

Baiskeli yenyewe ilikuwa imetupwa kando ya barabara, siku zile ambazo halmashauri hupita kuzoa magodoro na makabati mabovu. Juvénal, mume wake, ndiye aliyeiona akaileta nyumbani ndani ya buti la gari. Aliupaka mnyororo mafuta, akajaza matairi upepo, akaiegemeza barazani, kisha akamwita mkewe aje aone.

"Mama Rénovat," alisema, "shida yako imekwisha."

Shida ilikuwa hii. Gloriose alifanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao, na mzee wake wa kwanza kila siku alikuwa Bibi Carmena wa Greystanes, mjane wa Kimalta mwenye miaka themanini na minane. Saa kumi na mbili kamili asubuhi alitakiwa kuwa mlangoni kwake, amwamshe, amwogeshe, amvalishe, ampe uji na dawa. Basi la kwanza lilipita saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Kwa miguu ilikuwa zaidi ya saa nzima, nusu yake mlima. Gari lilikuwapo, limelala uani kama ng'ombe aliyeshiba, lakini Gloriose hakuwa na leseni. Juvénal aliwahi kumfundisha, mara moja tu. Alipokanyaga breki kwa nguvu kidogo aliambiwa ashuke asije akaharibu gari la watu, na somo likafia hapo. Halafu Juvénal akajaribu kumpeleka kazini mwenyewe. Majuma mawili alimpeleka, akiguna njia nzima.

"Mimi natoka kazini ghalani saa sita usiku," alimwambia. "Mpaka nile, mpaka nioge, ni saa saba. Saa kumi na moja unaniamsha. Unataka nife?"

Gloriose akaona ana haki. Walikuwa wametoka mbali, yeye na mwanamume huyu: Makamba kwao, kisha kambi ya wakimbizi ya Mtabila kule Kasulu, miaka kumi na minne chini ya turubai, watoto wawili wamezaliwa humo humo. Watoto sasa wamekuwa watu wazima na wameondoka, Rénovat yuko Perth, mdogo wake Adelaide. Waliobaki ni wao wawili, na mtu hawezi kumnyima mwenziwe usingizi. Akapanda baiskeli.

Miezi ya joto haikuwa taabu. Alitoka saa kumi na moja na robo, ndege wanalia, lami bado ina uvuguvugu wa jana. Aliwahi hata kumwambia Nsimire kwamba amepata raha asiyoitarajia uzeeni. Kisha ikaja Juni.

Watu walioko nyumbani wakisikia Australia wanafikiri jua. Wanamwambia mtu, "Ninyi kule mnaota jua tu." Hawajui kuwa upande ule wa magharibi wa Sydney, mbali na bahari, asubuhi ya Julai nyasi huwa nyeupe kama zimemwagiwa unga, na vioo vya magari huparuliwa kwa kadi ya benki. Kasulu nako kuna baridi, Gloriose aliijua. Lakini baridi ya kusimama na baridi ya kwenda si baridi moja. Juu ya baiskeli upepo unautengeneza mwenyewe kwa miguu yako. Kadiri unavyokazana kufika ndivyo unavyochapwa. Machozi yalimtoka bila kilio. Masikio yalimuuma mpaka ndani ya taya. Na mikono, Mungu wangu, mikono! Ilishika usukani kama imegongomelewa pale, na alipofika kwa Bibi Carmena ilimbidi aufungue mlango kwa viganja viwili kama mtoto, maana vidole vilikuwa vimekufa ganzi.

Kazi ya mhudumu ni mikono. Alimwosha bibi kwa maji ya moto akiwa amevaa glavu zile nyepesi za kazi, lakini kabla ya maji kuna kumwinua, kumshika kwapani, kumvua nguo ya kulalia. Kila siku Bibi Carmena alishtuka akapiga kelele.

"Madonna! Mikono yako ni samaki wa sokoni!"

Mwanzoni walicheka wote wawili. Mwishoni mwa Juni bibi aliacha kucheka. Ngozi yake ilikuwa nyembamba kama karatasi ya kufungia vitunguu, na alianza kujikunja kabla hajaguswa.

Ijumaa moja simu ikalia. Alikuwa Cheruiyot, kijana wa Eldoret aliyepanga zamu pale kwenye kampuni ya wahudumu. Kwa Gloriose alisema Kiswahili kila alipokuwa na habari mbaya.

"Mama Gloriose, habari ya kazi? Sikiza, kuna komplenti. Binti ya Carmena ameandika imeili. Anasema mikono yako iko baridi sana, mamake anaogopa asubuhi."

"Mikono?"

"Ndiyo, mikono. Mimi mwenyewe sijawahi kuona kitu kama hicho. Lakini wakiandika mara ya pili, nitalazimika kukutoa hapo. Si huwa unakuja na gari?"

"Nakuja na baiskeli."

"Na hii baridi? Haki ya Mungu," Cheruiyot alisema, kisha akakumbuka kazi yake. "Basi jaribu, mama. Jaribu tu."

Jioni hiyo hiyo Gloriose akaenda kwa Nsimire. Nsimire alikuwa amepitia hayo kwa misimu miwili, enzi alizokuwa akifagia kiwanda kimoja ambako treni haifiki. Alimkalisha kitandani, akaanza kutoa vitu kabatini kama mtu anayefungua duka.

"Kwanza, mama, acha makoti mengi. Nakuona unavaa matatu kama kitunguu. Utatoka jasho mlimani, halafu mteremkoni jasho litageuka barafu mgongoni. Jasho njo adui, siyo baridi. Vaa nguo ya sufu inayogusa ngozi, juu yake moja ya kuzuia upepo, basi. Ukitoka nyumbani usikie baridi kidogo. Ukitoka umeshiba joto, umepotea."

"Na kifua?"

"Gazeti." Nsimire akalikunja gazeti la bure la mtaani mara mbili, akalisukuma chini ya blauzi ya rafiki yake. "Hii upepo haipiti. Ukifika unalitoa, unalitupa. Miguuni, soksi, kisha mfuko wa plastiki, kisha kiatu. Kichwani kofia nyembamba ya sufu ifunike masikio, chini ya helmeti. Mikono sasa." Hapo alitabasamu. Alitoa glavu za sufu, na juu yake akavuta glavu za mpira za kuoshea vyombo, kubwa, za rangi ya waridi. "Sufu inaleta joto, mpira unakatalia upepo. Watakucheka. Waache. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti."

Jambo la mwisho lilikuwa viazi. Viwili vidogo, vichemshwe saa kumi na nusu, vifungwe kwa foili, kimoja kila mfuko wa koti. Kwenye taa nyekundu, mkono mfukoni. Mlangoni kwa bibi, simama dakika mbili, mikono yote mfukoni, ndipo ugonge.

Jumatatu Gloriose alifanya kila kitu kama alivyofundishwa. Alipita Barabara ya Merrylands na mikono yake ya waridi, gazeti likilia kifuani kwa kila pumzi, na kijana mmoja ndani ya gari alimpigia honi akamcheka. Hakujali. Alisimama dakika mbili mlangoni, akaingia, akamshika Bibi Carmena begani. Bibi akafumba macho akingoja, kisha akayafumbua.

"Leo ni mkate," alisema. "Leo mikono yako ni mkate."

Siku nane ilikuwa hivyo. Siku ya tisa ilikuwa Jumanne, katikati ya Julai. Simu ilisema nyuzijoto mbili. Gloriose alitoka nyumbani kimya, akimwacha Juvénal amejifunika blanketi mpaka puani, akapanda mlima, akafika kwenye taa za barabara kuu ya Cumberland. Zikawa nyekundu. Akashuka tandikoni, akaweka mguu chini, akavua glavu ili aingize mikono mfukoni kwenye viazi.

Gari likaja likasimama katika njia ya kukata kushoto, karibu kiasi kwamba angeweza kuligusa. Alitambua kwanza mkwaruzo wa mlangoni, ule walioupata kwenye maegesho ya kanisa. Kisha akatambua namba. Kisha akamwona mume wake.

Juvénal alikuwa ameamka. Alikuwa amenyoa, amevaa shati safi, anazungumza kwa furaha, mkono mmoja juu ya usukani. Pembeni yake alikaa Ninahazwe, yule mjane wa kwaya ya kanisani kwao aliyehamia mitaa miwili kutoka kwao baada ya mume wake kufa kwa figo. Ninahazwe alikuwa akicheka. Koti lake lilikuwa mapajani. Alikuwa na blauzi ya mikono mifupi, na mikono yake ilikuwa wazi hadi mabegani, yenye afya, inang'aa kwa mafuta, kwa sababu ndani ya gari lile hita ilikuwa inawaka na palikuwa na joto la kumtosha mtu kukaa hivyo katikati ya Julai.

Hawakumwona. Kioo cha upande kilikuwa na ukungu kiasi, na nani humtazama mtu wa baiskeli? Mshale wa kijani ukawaka, gari likakata kushoto kuelekea Smithfield, likaondoka na taa zake nyekundu.

Gloriose alibaki pale. Taa yake ikawa kijani, ikawa nyekundu, ikawa kijani tena. Glavu alikuwa amezishika mkononi na hakuzivaa. Hata aliporudi tandikoni hakuzivaa, na hakujua kuwa hajazivaa mpaka alipofika Greystanes, akaona vidole vyake vimekuwa na rangi asiyoijua. Hakusimama dakika mbili. Aliingia moja kwa moja.

Kwa bahati mbaya siku hiyo binti wa Bibi Carmena alikuwa amelala pale. Alisikia mama yake akilia, akaja mbio, akamkuta Gloriose ameshika kikombe cha meno ya bandia kwa vidole visivyojikunja, na kabla hajasema neno kikombe kikadondoka. Meno yakavunjika vipande viwili kwenye marumaru. Gloriose aliomba radhi kwa Kiingereza, kisha kwa Kirundi, bila kujua. Yule binti hakufoka. Alimfunika mama yake taulo, akasema kwa upole wa kutisha kwamba ataendelea mwenyewe, asante, na Gloriose anaweza kwenda.

Saa tatu Cheruiyot akapiga simu. Hakuwa na maneno mengi. "Pole, mama. Wamekataa kabisa."

Alirudi nyumbani saa nane mchana baada ya wazee wake wengine wawili. Juvénal alikuwa mezani anakula maharage, tayari na sare ya ghalani, kwa maana zamu yake ilianza saa tisa.

"Baba Rénovat," Gloriose alisema bila kukaa, "leo asubuhi ulikuwa wapi?"

Hakuficha. Hilo ndilo lililomshangaza. Alitafuna, akameza, akafuta mdomo. "Nilimpeleka Ninahazwe kazini. Anafua nguo kwenye nyumba ya wazee kule Smithfield. Mchungaji aliniomba."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tano. Kwa nini?"

"Mwezi wa tano." Gloriose alishika mgongo wa kiti. "Ninapofunga mlango, wewe unaamka."

"Naamka, nampeleka, narudi, nalala. Mama Rénovat, usianze. Hakuna lolote baina yangu na yule dada, Mungu ni shahidi. Ni mjane. Ni kazi ya Mungu ile. Yeye hana mtu."

"Na mimi nina nani?"

Juvénal akamtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Wewe una baiskeli," alisema.

Akainuka, akaweka sahani kwenye sinki, akaenda kazini.

Laiti mambo yangeishia hapo, pengine Gloriose angelimeza hilo kama alivyomeza mengine. Lakini Jumapili iliyofuata ilikuwa siku ya shukrani. Kanisa lao lilikusanyika katika ukumbi wa kukodi kule Blacktown, na siku kama hiyo Mchungaji Niyonzima huwaita mbele watu waliotumika vizuri, waombewe na kupigiwa makofi. Aliita mama wa jikoni. Aliita mpiga kinanda. Kisha akasema kwa sauti ya furaha, "Na sasa mtumishi wetu wa usukani!" Ukumbi mzima ukacheka na kushangilia, kwa maana kila mtu aliwahi kupanda gari la Juvénal. Aliwapokea wageni uwanja wa ndege. Aliwapeleka wajawazito hospitali. Alihamisha makochi ya watu. Hayo yote yalikuwa kweli.

"Asimame na mama," Mchungaji alisema. "Mama Rénovat, njoo. Nyuma ya mtumishi kuna mke anayevumilia. Tupe neno moja la ushuhuda."

Wakampa kipaza sauti. Gloriose hakuwa amepanga kusema kitu. Aliwaona watu wote wale wanatabasamu, Juvénal pembeni yake ameinamisha kichwa kwa unyenyekevu, na Ninahazwe katika mstari wa pili wa kwaya, amevaa kitenge cha kijani.

"Bwana asifiwe," alisema.

"Amina!"

"Mimi ndiye mke wa mtu mwenye gari. Lakini mimi kazini naenda kwa baiskeli. Jumanne kulikuwa na nyuzi mbili. Nilikuwa na gazeti kifuani na mifuko ya plastiki miguuni. Nimefukuzwa kwa mzee wangu kwa sababu mikono yangu ilikuwa baridi. Mume wangu hawezi kuniamkia, amechoka. Lakini mimi nikitoka, anaamka anawapeleka watu wengine." Sauti yake haikutetemeka, angependa itetemeke, pengine wangemwelewa. "Ninyi mnaompigia makofi, mpigieni. Lakini msiniambie navumilia. Sikuulizwa."

Alirudisha kipaza sauti. Hakuna aliyesema amina. Mpiga kinanda, kwa kuchanganyikiwa, akabonyeza wimbo.

Nje, penye maegesho, Ninahazwe alimfuata mbio, macho mekundu.

"Dada Gloriose, mimi sikujua! Nilimwuliza, kwa nini mama anapita na velo kwenye baridi hivi? Akasema daktari amekuamuru. Akasema una sukari, lazima ufanye mazoezi kila siku, na ukipewa lifti unakasirika."

"Sina sukari," Gloriose alisema.

"Sasa nimejua."

"Wengine nao waliambiwa hivyo?"

Ninahazwe akatazama chini. "Wote, dada. Hata Mchungaji. Tulikuwa tunakuombea."

Miezi miwili kanisa zima lilikuwa likimwombea ugonjwa asiokuwa nao, na hakuna hata mmoja aliyemfuata yeye mwenyewe kumwuliza.

Siku ya Jumatano wazee wa kanisa wakaja nyumbani, Mchungaji na wawili wengine, wakakaa sebuleni na chai. Walizungumza kwa hekima na kwa muda mrefu. Uamuzi ulikuwa wa pande mbili, kama kawaida ya vikao. Juvénal ampeleke mkewe kazini. Gloriose aombe radhi Jumapili, hadharani, kwa kumvua nguo mume wake mbele za watu.

"Na uongo wa sukari?" Gloriose aliuliza.

"Hilo ni la ndani ya nyumba," mmoja wa wazee alisema. "Mengine huyamaliza mtu na mkewe."

"Mimi nakubali," Juvénal alisema haraka.

"Mimi nitafikiri," Gloriose alisema, akakusanya vikombe.

Alhamisi saa kumi na moja Juvénal aliwasha gari, akaliacha lingurume uani ili majirani wasikie, akamfungulia mke wake mlango. Cheruiyot alikuwa amempatia mzee mwingine, mwanamume, kule kule upande wa Greystanes. Gloriose akaingia. Ndani kulikuwa na joto. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Mei yeye kuwa na joto saa hiyo, na mwili wake, mwili mpumbavu, ukafurahi. Mabega yakashuka yenyewe, vidole vikalegea. Alichukia jinsi mwili ulivyofurahi.

Walipokuwa wanapanda mlima akamwona mtu akitembea kando ya barabara, ameinama, skafu imezungushwa kichwani, mikono kwapani. Alikuwa Ninahazwe. Alikuwa akitembea kwenda kukutana na basi lisilofika kwa wakati.

Juvénal alimwona pia. Hakupunguza mwendo.

"Simama," Gloriose alisema.

"Si ndiyo uliyoyataka?"

"Simama, Juvénal."

Hakuwa amemwita kwa jina tangu Rénovat azaliwe. Juvénal akasimamisha gari hatua chache mbele. Gloriose akateremsha kioo, na baridi ikaingia kama mtu aliyengojea mlangoni. Ninahazwe alikuja hadi dirishani, akaona ni nani, akasimama.

"Ingia," Gloriose alisema. "Nyuma kuna nafasi."

"Hapana, dada." Midomo yake ilikuwa mikavu, na alikohoa kabla ya kuendelea. "Ulikuwa na haki, sikatai. Lakini sasa wanasema nilikuwa na mume wako. Mama mmoja wa kwaya hataki hata kukaa nami. Nikionekana tena ndani ya gari hili nimekwisha. Nendeni tu."

"Nani atakuona saa hizi?"

"Watu wanaona," Ninahazwe alisema, akavuka barabara nyuma ya gari, akaendelea kutembea upande wa pili.

Wakakaa pale, injini inanguruma. Gloriose alimtazama mwanamke yule akipungua mbele yao kwenye mwanga wa taa za barabarani, na polepole jambo moja likamjia, jambo dogo la hesabu za darasa la kwanza, akashangaa kwa nini hakuliona mapema.

"Baba Rénovat. Njia ni moja."

"Njia gani?"

"Mimi nashuka Greystanes. Yeye anashuka Smithfield. Mpaka kwenye taa unapita barabara hii hii, na kutoka hapo kwangu si mbali. Kila siku tangu mwezi wa tano ulipita barabara hii hii, dakika chache nyuma yangu. Gari lina viti vitano." Akamgeukia. "Kwa nini hukutuchukua wote wawili?"

Gloriose alimwona akitafuta, akipekua huku na huku kama mtu anayetafuta funguo, na kwa mara ya kwanza hakupata uongo wowote.

"Sikufikiria," alisema mwishowe.

Ilikuwa kweli, na kweli hiyo ndiyo iliyomwumiza. Kama angesema anampenda mjane yule, Gloriose angekuwa na kitu cha kushika, cha kulia, cha kupeleka kwa wazee. Lakini Juvénal hakumpenda Ninahazwe. Alipenda kushukuriwa, basi. Na mke hashukuru kama mgeni. Mtu yule aliyelala naye chini ya turubai moja miaka kumi na minne alikuwa ameamka kila asubuhi, akanyoa, akawasha hita, akapita njia ile ile, na katika asubuhi zote hizo wala hakumkumbuka.

"Nipeleke kazini," alisema. "Nitachelewa."

Jumapili hakuomba radhi, kwa sababu hakwenda. Mwishoni mwa Agosti alihamia chumba cha nyuma kwa Nsimire, Blacktown, na Cheruiyot akampangia wazee walioko karibu na stesheni. Ninahazwe aliandikiwa onyo la kuchelewa mara tatu, kisha akaacha kazi ile. Siku hizi anaonekana Cabramatta, anakaa na shangazi yake, na kwaya ameiacha. Juvénal bado anawapokea wageni uwanja wa ndege. Kanisani wanamsikitikia sana, mtu mwema kama yule, aliyeachwa na mke kwa kiburi cha Ulaya.

Siku moja Rénovat alipiga simu kutoka Perth. Alikuwa ameongea na baba yake, na Kiswahili chake kilikuwa kizito kwa hasira.

"Mama, miaka ishirini na sita ya ndoa. Watu wananiuliza niwaambie nini? Kweli umemwacha baba kwa sababu ya lifti?"

Gloriose alikuwa ameketi kitandani, simu sikioni. Alifikiri aanzie wapi. Akafikiri juu ya kila kitu ambacho angepaswa kukieleza, na juu ya umbali wa kutoka hapo mpaka Perth, na juu ya mwanawe, ambaye alikuwa na gari lake mwenyewe na hajawahi kupanda mlima ule.

"Ndiyo, mwanangu," alisema. "Kwa sababu ya lifti."